Muulize Mwalimu: Kijana wangu ako Manchester anasema ni "skint", hiyo ni ugonjwa?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni swali moja limevaa nguo tofauti. Tangu watu wetu waanze kwenda Uingereza kwa wingi, wengine unesi, wengine kulea wazee, wengine shule, naona kila boma kuanzia Nakuru mpaka Busia iko na mtu huko, na huyo mtu akipiga simu anaongea Kizungu ambacho mwalimu wetu wa darasa la sita hakutufunza. Kwa hivyo leo ni hiyo tu. Yule wa Bungoma aliyeuliza kuhusu insha, ngoja mwezi ujao, sijakusahau.

SWALI: Habari yako Mwalimu. Kijana wangu ako Manchester mwaka wa pili sasa, kazi yake ni kulea wazee. Juzi nimempigia anisaidie na karo ya ndugu yake mdogo akaniambia "Mama niko skint", alafu akasema ametoka kazi usiku na ako "knackered", na juu ya hayo yote timu yake ilipigwa wikendi ikamwacha "gutted". Mimi nauza samaki, na kwa Kizungu changu kidogo najua "gut" ni kile nafanyia mbuta kila asubuhi na kisu. Sijalala tangu hiyo siku. Huyu mtoto ni mgonjwa ama wamemfanya nini?
*Mama wa samaki, Kondele*

JIBU: Mama pole sana, na leo ulale. Mtoto hana ugonjwa, hana pesa tu. "Skint" ni kusota, kuishiwa kabisa, na limetoka kwa neno la kuchunwa ngozi, kumaanisha mfuko umechunwa hakuna kitu imebaki. Usifikirie anakuhepa. Wengi huko wanalipwa mara moja kwa mwezi, na ikifika zile siku za mwisho mwisho kabla mshahara uingie, hata Mwingereza mwenyewe aliyezaliwa hapo utamskia anasema ni skint, anangoja siku ya malipo kama sisi tu.

"Knackered" ni kuchoka ile ya kushindwa hata kuvua viatu. Zamani kulikuwa na mtu anaitwa knacker, kazi yake ilikuwa kununua farasi wazee wasioweza kuvuta mkokoteni tena, anawachinja, anauza ngozi na mifupa. So mtu akisema ako knackered anasema amechoka kiasi cha kupelekwa kwa huyo jamaa. Si tusi, lakini si neno la kuambia mdosi kwa interview pia.

Na hiyo "gutted", hapo Mama ulishika maana vizuri kuliko watu wengi wenye digrii, ni hiyo hiyo ya samaki, mtu anaskia kama ametolewa matumbo, lakini ni ya moyo. Ni kuvunjika moyo sana. Timu imefungwa dakika ya mwisho, umekosa kazi uliyotegemea, harusi umekosa juu ya zamu, hiyo yote ni gutted. Akiwa na furaha atakuambia ako "chuffed", usishtuke tena.

Sasa vile umetaja karo, wacha nikupe na maneno ya pesa ndio siku akituma muelewane. Pauni moja wanaita "quid", na hata ziwe mia haiongezwi s, ni "ten quid", "hundred quid". Noti ya pauni tano ni "fiver", ya kumi ni "tenner", elfu moja ni "grand". Hizo ni za kila mtu kila siku. Alafu kuna za watu wa London, hasa wale wa masoko na wa kubet: "pony" ni pauni 25 na "monkey" ni pauni 500. Akikuambia anatuma monkey usimwambie akae nayo, hapo Kisumu mko nao wa kutosha, hiyo ni karo ya term na inabaki.

Na kuna moja naipenda sana, noti ya kumi wengine wanaiita "Ayrton", juu ya yule dereva wa magari ya mbio Ayrton Senna, juu Senna na tenner zinalingana mwisho zikitamkwa. Kabla tuwacheke, sisi wenyewe noti ya mia tano wakati wa kampeni za 1992 si tuliiita Jirongo, jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo? Mtu akauliza bei ya kitu anaambiwa "Jirongo mbili" na hakuna aliyeuliza maana.

SWALI: Mwalimu, mimi ni nesi, mtihani wa Kiingereza nimepita, nangoja viza. Mwenzangu aliyetangulia ako hospitali moja Stoke, ameniambia siku yake ya kwanza mgonjwa alimwita bata, alafu mwingine akamwambia anataka "spend a penny" yeye akaanza kumtafutia mzee wallet kwa droo. Hayo maneno hayakuwa kwa mtihani wowote nimefanya. Nijitayarishe aje?
*Nesi, Lurambi, Kakamega*

JIBU: Sista, kwanza hongera, juu huo mtihani si mchezo. Unakumbuka serikali yetu na ya Uingereza ziliandikiana mkataba wa wafanyakazi wa afya Julai 2021, alafu mwaka huo huo waziri wa afya wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kwa manesi 300 wa kwanza ni kumi tu walipita Kiingereza. Nchi nzima ikacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, juu ile IELTS unaambiwa uandike maelezo ya grafu, na hakuna mzee wa wodi atakuuliza mambo ya grafu. Mzee atakuambia "I had a funny turn".

Na tuanze na hiyo hapo juu ndio inaweza kuua mtu. Wewe umeingia asubuhi, mzee ameketi kando ya kitanda, miguu inaning'inia, anakuambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "I had a bit of a funny turn earlier, love." Ukisikia "funny" unatabasamu unangoja stori. Hakuna stori. Anakuambia amepatwa na kizunguzungu ghafla, ama macho yalifunga giza, ama karibu azimie. Inaweza kuwa presha imeshuka akisimama, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa ile stroke ndogo inayokuja inapita. Pima presha, pima sukari, uliza kama alianguka na kama mkono ama uso ulilegea, andika saa, mwite daktari. "I came over all funny" ni hiyo hiyo tu kwa mdomo wa shosho.

Ya pili ni hii tabia yao ya kupunguza maumivu. Unauliza "how are you feeling today", anajibu "not too bad" ama "mustn't grumble", yaani nisilalamike. Kizazi cha wazee wao kimelelewa hivyo, kulalamika ni aibu. Hapo usiandike kwa fomu kwamba hana maumivu. Uliza tena, uliza mahali, uliza kutoka sufuri mpaka kumi ni ngapi, na utashangaa yule wa "mustn't grumble" anakuambia nane. (Mama zetu wa Malava ni hivyo hivyo, mtu amevunjika nyonga anakuambia ni kaguu tu kanauma kidogo, kwa hivyo hiyo hautahitaji kufunzwa sana.)

"Poorly" ni mgonjwa. Mtoto ako poorly, hajaenda shule, hiyo ni kawaida. Lakini sikiza sauti, juu ndani ya hospitali sista mkuu akikuambia mgonjwa wa kitanda fulani ni "very poorly" anamaanisha hali ni mbaya, familia iitwe. Neno dogo, uzito mwingi. "Peaky" ni kuonekana umepauka, hauna rangi. "Dicky ticker" ni moyo wenye shida, ticker ni ile inafanya tik tik kama saa. "My knee is giving me gyp" ni goti linamsumbua kwa maumivu. "The runs" au "the trots" ni kuendesha. "Waterworks" si kampuni ya maji, ni mambo ya mkojo, kwa hivyo akikuambia ako na "trouble with the waterworks" uliza kama inachoma, kama inakataa kutoka, kama inatoka bila ruhusa.

Na ile ya peni: vyoo vya umma vya zamani vilikuwa na kufuli la kutumbukiza peni moja ndio mlango ufunguke, na kwa yale maonyesho makubwa ya London mwaka wa 1851 watu walilipa peni moja kutumia vyoo vya pale, so "spend a penny" ni haja ndogo kwa heshima. Vijana hawalitumii, wazee bado. Mpeleke msalani haraka, wallet achana nayo.

Kifo pia kiko na majina yake. "Popped his clogs" ni amekufa kwa mzaha, clogs ni vile viatu vya soli ya mbao wafanyakazi wa viwanda vya nguo kaskazini walikuwa wanavaa. Utaskia kwa chumba cha chai wahudumu wakiongea. Mbele ya familia ni "passed away" ama "died", na hiyo ya clogs imeze kabisa.

Sasa bata. Mwenzako hakutukanwa. Stoke, Derby, Nottingham, hiyo sehemu ya katikati ya nchi, "duck" ni kama sisi kusema mpenzi wangu au mama kwa mtu hata humjui. Ukienda Yorkshire ni "love", Newcastle ni "pet", Glasgow ni "hen" yaani kuku, na ukipelekwa Bristol jitayarishe, hapo mzee wa miaka 80 anaweza kukuambia "alright, my lover" na hana neno na wewe, hiyo ni salamu ya mtaa, hakuna haja ya kumripoti wala kumpigia mzee wako nyumbani. Wewe usizirudishe. Mgeni akiwaambia "duck" inakaa kama Mzungu wa kwanza kufika Khayega akisema "mulembe", ile salamu ya Waluhya, kila dakika mbili, watu wanatabasamu lakini unajua.

Mbili za mwisho kwako. "Tea" kaskazini ni chakula cha jioni, chakula kamili, viazi na nyama. Mgonjwa akiuliza "what's for tea?" ukimletea kikombe cha chai atakiangalia kile kikombe alafu akuangalie wewe. Kikombe chenyewe wanaita "cuppa" ama "brew". Na saa: wakikuambia zamu inaanza "half seven" ni saba na nusu yao, yaani saa moja na nusu yetu. Kuna watu wameskia half wakatoa nusu saa wakafika mapema, hao angalau hawakuadhibiwa. Shida ni wale waliobadilisha kwa Kiswahili kichwani wakiwa usingizini.

Kwa ripoti hakuna slang. Mgonjwa amesema dicky ticker, wewe andika maneno yake kwa alama za mtu kusema, alafu muulize anaskia nini hasa, na kama ni maumivu ya kifua andika chest pain, tangu saa ngapi, inaenda mkono gani.

SWALI: Mwalimu sisi tunaangalia EPL hapo Free Area kila wikendi na huwa tunabishana kuhusu vitu watangazaji wanasema. Mmoja wetu anasema "they've bottled it" ni mashabiki wamerusha chupa uwanjani. Tumeweka soda. Nani anakula?
*Mashabiki, Free Area, Nakuru*

JIBU: Huyo wa chupa anunue soda.

"Bottle" kwa Kizungu cha mtaani cha huko ni ujasiri, roho. Mtu ako na bottle, ako na roho. "Kubottle" ni roho kuruka wakati ule ule inahitajika: mko mbele pointi nyingi, imebaki mechi chache, mnaanza kutoka sare na timu zinazoshuka daraja. Sitaji timu, nyinyi wenyewe mnajua mezani kwenu nani amenyamaza saa hii. Inasemekana limetoka kwa ule mchezo wa wakazi wa mashariki mwa London wa kuficha neno nyuma ya maneno yanayolingana mwisho, "bottle and glass", na neno linalofichwa hapo ni lile la makalio, so aliyepoteza bottle amepoteza uwezo wa kujizuia, nadhani mmeelewa, wengine mnasoma hii mkikula.

Huo mchezo wanauita rhyming slang na raha yake ni kwamba lile neno linalolingana mara nyingi wanaliacha, wanakuachia lile halilingani, sasa mgeni anabaki hewani kabisa. Uongo ni "pork pies" juu pies na lies, alafu wakakata wakabaki na "porkies". Kuangalia ni "butcher's hook", hook na look, wakabaki na "have a butcher's", yaani cheki. Kichwa ni "loaf of bread", bread na head, kwa hivyo ukiambiwa "use your loaf" hakuna mkate, unaambiwa utumie akili. Simu ni "dog and bone". Bibi ni "trouble and strife", shida na ugomvi, na hiyo sijaiunga mkono, mhariri wangu ni mama. Watoto wa Eastlands walifanya yao kwa kugeuza silabi, stori ikawa risto, na nia ilikuwa ile ile, mzazi na polisi wasielewe.

Zingine za mpira haraka: "gaffer" ni kocha, na kazini ni mkubwa wako. "Sitter" ni nafasi ambayo hata mimi na goti langu ningefunga, jamaa amekosa. "Howler" ni kosa la aibu, mara nyingi la kipa. "Worldie" ni bao la ajabu. "Top bins" ni pale kona ya juu ya goli. "Squeaky bum time" ni ya Alex Ferguson, 2003 wakifukuzana na Arsenal, ni ile dakika ya mwisho wa ligi mtu hawezi kutulia kwa kiti mpaka kiti kinalia. Na "park the bus", ile tunasema kupaki basi, nyinyi wote mnadhani ni ya Waingereza. Mourinho ndiye aliileta 2004, Chelsea ilipotoka sufuri sufuri na Tottenham, na yeye mwenyewe alisema ni vile wanasema kwao Ureno. Hiyo muweke soda ingine.

SWALI: Niko Egerton, naskiza madrill ya London sana. Nikifika UK nikianza na "wagwan bruv" nitaonekana mtu wa hapo ama?
*Kijana, Njoro*

JIBU: Utaonekana mtu wa Njoro.

Lakini swali ni zuri kuliko unavyofikiria. Hiyo lugha ya vijana wa London ni mchanganyiko, na sehemu kubwa imetoka Jamaika. Meli ya Empire Windrush ilifika Tilbury Juni 1948 na watu kutoka visiwa vya Karibi, wengine wengi wakafuata, watoto wao wakakua shule moja na watoto wa Waingereza, Wahindi, Wabangladeshi, na baadaye Wanigeria, Waghana, Wasomali, na kile kilitoka hapo hakina mwenyewe mmoja. Si ndio Sheng ilizaliwa hivyo pia, Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kiluhya na Kizungu kwa ploti moja. "Wagwan" ni kuna nini. "Mandem" ni wasee wako. "Ends" ni mtaa wako. "Bare" ni mob. "Peng" ni mrembo, ama chakula kitamu. "Peak" inakudanganya, si kilele cha raha, ni bahati mbaya, umefukuzwa kazi na mvua inanyesha, that's peak. "Long" ni kitu kinachochosha, kina mzunguko mwingi. "Allow it" pia inageuka, mtu hakupi ruhusa, anakuambia achana nayo. "Innit" ni si ndio, na inaenda kila mahali, mwisho wa sentensi yoyote.

Skiza tu miezi ya kwanza. Kuna watu wa Leeds na Cardiff wamezaliwa huko na hawaongei hivyo, na afisa wa uhamiaji pale Heathrow umwambie "good morning" tu.

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni dereva wa van ya watalii, tunaingia Lake Nakuru National Park karibu kila siku. Nina mambo mawili. Kuna mama Mwingereza aliniambia asubuhi "my husband was pissed last night", nikaanza kuomba msamaha safari nzima nikidhani nimemuudhi mzee wake. Alafu jioni nikawaambia wiki ijayo sitakuwa, naenda shags siku tatu kupumzika, gari yote ikacheka mpaka faru wakatuangalia. Nilisema nini?
*Dereva, Section 58, Nakuru*

JIBU: Dere, kaa chini kwanza.

Ya kwanza ni rahisi. Mmarekani akisema "pissed" amekasirika. Mwingereza akisema "pissed" amelewa chakari. Ili akuambie amekasirika ataongeza "off" mwisho. Kwa hivyo mzee hakuwa na shida na wewe, alikuwa na shida na Tusker, na ulichofaa kumpa ni maji na barabara isiyo na mashimo.

Ya pili. "Shags" yetu ni mashambani, ushago, nyumbani kwa baba, na kila Mkenya analisema mbele ya askofu bila kuona haya. Kwa Mwingereza "shag" ni kulala na mtu, na si kulala usingizi. Sasa soma tena kile uliwaambia, siku tatu, na ukaongeza ni za kupumzika. Sema "upcountry" ama "my village", na kama umezoea sana basi elezea kabla, watacheka lakini watacheka na wewe.

Na kwa vile tuko hapo, "ni-flash" pia iache Kenya. Sisi ni kupiga simu na kukata kabla ishikwe. Huko "flash" ni mtu kufungua koti aonyeshe watu uchi, na ni kosa anashikwa. Usimwambie mgeni "flash me when you reach the gate". Nimekuomba.

Zingine utakutana nazo kwa hiyo van: "loo" ni choo, "dying for a wee" ni simamisha gari saa hii si kwa gate. "Mozzie" ni mbu. "Brolly" ni mwavuli. "Fag" ni sigara, lakini ukiwa na Wamarekani kwa gari hiyo hiyo usiitamke kabisa, kwao ni tusi baya kwa mashoga. "Taking the mickey" ni kumfanyia mtu mzaha, ama kumpunja, kwa hivyo mgeni akiangalia bei ya kinyago pale nje akasema "they're taking the mickey", anasema anaibiwa. "Cheers" ni asante, ni kwaheri, na pia ni ile ya glasi, utaskia mara kumi kwa siku bila glasi yoyote. "Ta" ni asante fupi.

Na "you alright?" si kwamba unakaa mgonjwa. Ni salamu. Kama umewahi kufika nyumbani kwa Waluhya utaielewa mara moja, mtu anakuambia mulembe, unamjibu mulembe, hakuna anayeketi kuelezea hali ya amani nyumbani kwake. Mwingereza anakuambia "you alright?", unamrudishia "alright?", mnapitana. Ukianza kumwambia kuhusu goti na mvua ya mwaka huu utaona anaangalia mlango.

Matusi nimeyaruka karibu yote. "Bloody" ni la chini kabisa, hata babu anasema mbele ya wajukuu, ni la kukazia tu, "bloody hot". Yanayoanzia na "boll-" usiyaguse, juu lile lenyewe ni upuuzi, alafu ukiliweka kwa mbwa, mbwa na mali yake, inakuwa kitu kizuri kuliko vyote, na hapo ndio wageni wengi huzama.

SWALI: Mwalimu, mjukuu wangu amerudi likizo kutoka London. Nimemtuma dukani nikamwambia arudishe change ya "twenty bob", akacheka akasema Guka hiyo ni Kizungu ya zamani ya mtaani huko watu hawasemi tena. Mimi nimesema bob maisha yangu yote na nilidhani ni letu. Nani anasema ukweli?
*Mzee, Bahati, Nakuru*

JIBU: Mzee wangu, mko sawa wote wawili, lakini wewe ndiye umeliweka hai.

"Bob" lilikuwa jina la mtaani la shilingi huko Uingereza kwa miaka mingi sana. Waingereza wakaja nalo, shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921, yetu yenyewe ya Kenya 1966, na bob likabaki mdomoni mwa watu, bila s mwishoni, twenty bob, hamsini bob, vile vile wao wanasema twenty quid. Alafu tarehe 15 Februari 1971 Uingereza wakaacha shilingi, pauni ikawa peni 100, na bob likakosa kazi. Limebaki kwa misemo tu, kama "worth a few bob", kumaanisha mtu ama kitu kiko na pesa kidogo. Kwa hivyo ni wao walipoteza, sisi tunalinunulia mkate kila siku.

Akirudi na hiyo change muulize kabla ya 1971 pauni moja ilikuwa shilingi ngapi. Ni 20. Akipata, muulize guinea ilikuwa ngapi, na hapo hatapata: ni 21.